Rivolva ya kale ina thamani gani? Kwa nini bei ya London si bei ya Nairobi

Novemba 2016, mjini Paris, rivolva ndogo aina ya Lefaucheux ya milimita 7 iliuzwa mnadani kwa euro 434,500. Juni 2019, katika jiji hilohilo, Lefaucheux nyingine ya milimita 7 iliuzwa kwa euro 162,500, nayo ilikuwa imeliwa na kutu hadi haiwezi kufanya kazi yoyote. Tukiikadiria euro moja kwa shilingi 150, ya kwanza ni zaidi ya shilingi milioni 65, na ya pili ni zaidi ya milioni 24. Na bado bastola za namna hiyo, zilizotengenezwa kwa wingi Ufaransa na Ubelgiji katika karne ya 19, huuzwa Ulaya mwaka mzima kwa euro mia chache tu, nyingi zikiwa safi kuliko hizo mbili.

Ya kwanza ni ile ambayo mshairi Paul Verlaine alimpigia risasi mshairi mwenzake Arthur Rimbaud mjini Brussels, tarehe 10 Julai 1873. Ya pili iliokotwa na mkulima shambani huko Auvers-sur-Oise, kijiji ambako mchoraji Vincent van Gogh alijipiga risasi mwaka 1890, na inaaminika kuwa ndiyo aliyoitumia. Chuma ni kilekile. Aliyelipa mamilioni hakulipia chuma.

Nairobi swali hili huulizwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mzee aliyewahi kuwa afisa wa polisi anafariki, au nyumba ya zamani kule Karen au Muthaiga inauzwa pamoja na vilivyomo, na ndani ya sanduku la bati panatokea rivolva iliyofungwa kwa kitambaa chenye mafuta. Mmoja katika familia ameona kwenye intaneti kwamba Colt moja iliuzwa Marekani kwa dola milioni 6, na tayari anagawa pesa. Mwingine anasema ni chuma chakavu, kitupwe. Wa tatu, mwenye nia njema kabisa, anataka kuisugua kutu kwanza ili ipendeze. Huyu wa tatu ndiye ninayemhofia zaidi, na nitaeleza kwa nini. Kwa sehemu kubwa, thamani ya rivolva ya kale ni ushahidi: ushahidi wa ilikotoka, wa ilivyokuwa ilipotoka kiwandani, na wa nani anaruhusiwa kuimiliki leo. Ushahidi huo huharibika haraka, mara nyingi katika juma lile la kwanza baada ya sanduku kufunguliwa.

Kabla ya bei, usalama na sheria

Rivolva za zamani za baruti na fataki, zile ambazo baruti na risasi hushindiliwa moja kwa moja ndani ya vyumba vya silinda, huweza kukaa na baruti kavu kwa zaidi ya miaka 100 na bado ikawaka. Kwa hiyo usivute nyundo, usizungushe silinda, usichungulie mtutu. Iache ilipo, funga chumba.

Kisha sheria. Kenya inaongozwa na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inayodai cheti kwa anayenunua, anayepokea au anayemiliki silaha. Usidhani kwamba uzee wa silaha peke yake unakuondoa kwenye sheria hiyo. Nenda mikono mitupu kwenye kituo cha polisi au kwa Bodi ya Leseni za Silaha, ikiwezekana ukiwa na wakili anayeshughulikia mirathi, ueleze kilichopatikana, mahali kilipo na kilikuwa cha nani, kisha ufuate utakavyoelekezwa. Usiitie kwenye mkoba na kupanda nayo matatu kwenda kumwonyesha mtu mjini. Na unapoeleza, eleza kwa maandishi kwamba huenda ni kitu cha historia. Mwezi uleule ambao Paris ilikuwa ikipiga mnada rivolva ya Verlaine, silaha haramu 5,250 zilichomwa moto Ngong. Kuziharibu silaha hizo kulikuwa jambo la lazima katika nchi iliyoumizwa na bunduki kiasi hiki, lakini silaha isiyo na maelezo haiwezi kujitetea yenyewe mbele ya moto.

Kuna sheria ya pili ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale chombo chochote kinachohamishika, isipokuwa vitabu na hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Kitu cha namna hiyo hakifanyiwi biashara bila leseni, wala hakitolewi nchini bila kibali. Rivolva iliyokuja na msafara wa Kampuni ya Kibeberu ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyopata hati yake mwaka 1888, inaweza kuangukia hapo. Iliyokuja na wajenzi wa reli baada ya 1896 haiangukii.

Tazama sasa jinsi mwaka mmoja unavyobadilisha kila kitu. Marekani, tangu sheria ya 1968, silaha ya kale ni ile iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza, mpaka ni Septemba 1939, lakini silaha hiyo lazima pia iwe inatumia mfumo wa zamani wa kuwasha baruti au risasi iliyo kwenye orodha rasmi ya risasi zilizopitwa na wakati. Kenya, kwa upande wa urithi, ni 1895. Rivolva moja inaweza kuwa kitu cha kale katika nchi moja, silaha ya kawaida katika ya pili, na mali isiyohamishwa bila kibali katika ya tatu. Kwa sababu bei hutengenezwa na wanunuzi, na wanunuzi huruhusiwa na sheria, mthamini anayeanza na bei kabla ya kujua sheria ipi inahusika atapata namba isiyo na mwenyewe.

Mfano mkali zaidi ni pembe za ndovu. Colt au Smith & Wesson ya karne ya 19 yenye mpini wa pembe, hasa uliochongwa, huongezewa bei kubwa kwenye minada ya Marekani. Hapa kwetu mpini huohuo ni nyara ya wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haina mzaha kwa anayepatikana nayo bila kibali. Hii ndiyo nchi iliyochoma tani 105 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016. Ukisoma kwenye orodha ya mnada wa ng'ambo kwamba mpini wa pembe umeongeza maelfu ya dola, usiyaongeze maelfu hayo kwenye hesabu yako ya Nairobi.

Tunaposema thamani ya haki sokoni

Maana inayotumiwa na wathamini wengi ni hii: bei ambayo mali ingeuzwa kati ya muuzaji asiyelazimika kuuza na mnunuzi asiyelazimika kununua, wote wawili wakiyajua mambo ya msingi kuhusu mali hiyo. Wakenya tumelisikia wazo hilo kwenye masuala ya ardhi tangu miaka ya 1960, kwamba auzaye kwa hiari na anunuaye kwa hiari wakubaliane. Kwenye rivolva lina uzito uleule.

Bei hiyo si ile ambayo kampuni ya bima ingelipa ili upate nyingine kama hiyo. Ya bima huwa juu. Si ile atakayokupa mfanyabiashara akununulie leo. Hiyo huwa chini, kwa kuwa naye anatafuta faida. Si bei ya familia inayouza haraka kulipia hospitali. Na hakika si bei iliyoandikwa na mtu anayetaka kuuza. Magari ya yadi za Ngong Road yanafundisha jambo hilo vizuri: namba iliyobandikwa kwenye kioo si ile ambayo gari linaondokea. Anayekadiria kwa bei zinazoombwa anapima matumaini ya wauzaji.

Ni rivolva gani hasa?

Hapa ndipo makadirio mengi ya Nairobi huishia. Rivolva inayoelekea zaidi kupatikana katika sanduku la familia hapa si Colt ya wachunga ng'ombe wa Marekani. Ni Webley Mark VI, iliyoanza kutumika katika jeshi la Uingereza mwaka 1915, au Enfield No. 2 iliyopokewa mwaka 1932. Zinaonekana za kale, nzito, zinakunjika katikati kama kwenye picha za vita. Lakini kwa mpaka wa Marekani wa 1898 si za kale hata kidogo, na soko lake ni la silaha zenye leseni, jambo linalozishusha mara moja. Tena kuna mtego ndani ya Mark VI: nyingi zilizouzwa Marekani baada ya vita zilikwanguliwa uso wa nyuma wa silinda ili zipokee risasi ya Kimarekani ya .45. Kipande cha chuma kisichofika unene wa sarafu kimeondolewa, na mkusanyaji makini hataki tena kuiona.

Ikiwa ya zamani zaidi, alama ndizo zinazosema. Kila nchi iliyotengeneza silaha kwa uaminifu ilizipima kwa baruti nyingi kuliko kawaida, kisha ikapiga muhuri. Birmingham ina nyumba yake ya upimaji tangu 1813, na London ina ya kwake. Liège, Ubelgiji, walipiga duara la yai lenye herufi ELG, na kuanzia 1893 wakaliongezea taji juu. Watu wengi huzisoma herufi hizo wakidhani ni jina la fundi, wakati zinasema tu kwamba silaha ilipimwa Liège. Lakini hata hilo lina faida: ELG isiyo na taji inamaanisha upimaji ulifanyika kabla ya taji hilo kuanza, na kwa familia ya Kenya inayojiuliza kuhusu mwaka 1895, hiyo si habari ndogo. Liège ilitengeneza kwa wingi mno nakala za Webley Bulldog, rivolva fupi ya mfukoni iliyotoka Birmingham mwaka 1872. Nyingi za nakala hizo huuzwa kwa bei ndogo tu, hata zikiwa na miaka 130.

Silaha za serikali ya Uingereza zina alama ya mshale. Ukiona mishale miwili inayoelekeana kwa ncha, ujue serikali iliiuza silaha hiyo au iliiondoa kwenye hesabu zake. Za Kijerumani, zile za 1879 na 1883 zilizofika pande hizi kabla ya vita vya 1914, zinaweza kuwa na alama za kikosi kwenye mpini. Alama za vikosi vya koloni hutafutwa sana, na kwa sababu hiyohiyo ndizo zinazoghushiwa. Muhuri uliopigwa juzi una kingo kali mahali ambapo chuma kinachouzunguka kimechakaa.

Kisha namba. Colt za fataki, kwa mfano ile Navy ya 1851 iliyotengenezwa Hartford na pia katika kiwanda cha Colt cha London kati ya 1853 na 1856, zilipigwa namba ileile kwenye mtutu, fremu, silinda, kinga ya kifyatulio, mgongo wa mpini na hata kwenye kabari inayoushikilia mtutu. Zikilingana zote, bei hupanda. Silinda ikiwa na namba nyingine, basi imetoka kwenye bunduki nyingine, na tofauti yake inaweza kuwa theluthi ya thamani au zaidi. Kabari ikiwa ya kigeni, watu huvumilia kidogo, kabari hupotea.

Kilichobaki kama kilivyotoka kiwandani

Hapa ndipo pesa zilipo, na hapa ndipo tunapoziua.

Wakusanyaji wa Marekani hutumia ngazi za hali zilizowekwa na NRA, chama cha wamiliki wa bunduki nchini humo, kwa silaha za kale. Ukizisoma kwa makini utaona jambo la kushangaza. Ngazi ya juu baada ya ile ya kiwandani hudai sehemu zote za asili na zaidi ya asilimia 80 ya rangi ya asili. Inayofuata hudai zaidi ya asilimia 30. Inayofuata tena, ambayo bado inaitwa nzuri sana, hukubali hata sufuri: rangi yote imekwenda, mradi sehemu zote ni za asili, uso wa chuma ni laini, kingo ni kali na maandishi yanasomeka. Sasa mshuke ngazi moja zaidi ndipo mkutane na silaha iliyosafishwa na kupakwa rangi upya. Yaani ile chakavu yenye kijivu cha uzee iko juu ya ile inayong'aa iliyopitiwa na fundi.

Kwa nini? Fikiria Colt au Webley ya miaka ya 1870. Buluu yake nyeusi si rangi ya kopo. Ni tabaka jembamba la chuma kilichounguzwa kwa joto na makaa baada ya kung'arishwa kwa saa nyingi na fundi aliyejua kuacha kila ukingo ukiwa mkali. Msasa ukipita, hauondoi kutu peke yake. Unaondoa chuma kilichoshikilia kutu, na chuma hicho ndicho kilichokuwa na maandishi. Mthamini hahitaji darubini kuona. Huiinamisha silaha kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama ubavu wa fremu: ule wa asili ni bapa kama kioo, ule uliosuguliwa una mawimbi. Hutazama tundu la skrubu: la asili lina mdomo mkali, lililosuguliwa limebonyea kama kisahani. Huangalia anwani ya kiwanda juu ya mtutu: herufi za katikati zinasomeka, za pembeni zimefifia. Na akiona buluu ndani ya mashimo ya kutu, amekwisha kujua, maana rangi ya kiwandani ilikuwepo kabla ya kutu, haikuja kuingia shimoni baadaye.

Kwa hiyo nasema waziwazi: mtu asiipeleke rivolva ya babu kwa fundi wa Kamukunji akaipitishe kwenye brashi ya waya na grainda. Kwanza ni kosa la jinai kumkabidhi silaha mtu asiye na leseni. Pili, mafundi wale ni hodari na wangefanya kazi safi kabisa, na kazi hiyo safi ndiyo ingeondoa nusu ya thamani au zaidi kwa mchana mmoja. Usichomelee mtutu ukidhani unaifanya halali. Hujaifanya halali na umeimaliza. Usibadilishe skrubu zilizoota kutu. Usitupe kasha, hata kama limeliwa na mchwa, wala kifuko cha ngozi kilichokauka, wala kichupa cha mafuta, wala kalibu ya kuyeyushia risasi. Kati ya rivolva kama 1,100 za Colt Walker zilizotengenezwa mwaka 1847, ile iliyouzwa mwaka 2018 kwa dola milioni 1.84 ndiyo ya kiraia pekee inayojulikana kubaki na kasha lake.

Hadithi, na namna ya kuipima

Agosti 2021, huko Los Angeles, Colt Single Action Army ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu mashuhuri Billy the Kid mwaka 1881 iliuzwa kwa zaidi ya dola 6,030,000. Hiyo ndiyo bei inayowazuzua watu. Bila Garrett ingekuwa Colt nzuri ya miaka ile, ya dola elfu kadhaa. Desemba 2022 Smith & Wesson ya Theodore Roosevelt, yule rais mstaafu aliyepita Nairobi mwaka 1909 katika safari yake ya uwindaji, ilifika dola 910,625. Zote mbili zilikuwa na msururu wa karatasi.

Nairobi ina hadithi zake, na kubwa kuliko zote ni ya Josslyn Hay, Earl wa Erroll, aliyekutwa amekufa kwa risasi ndani ya gari lake karibu na Karen alfajiri ya 24 Januari 1941. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa na kuachiliwa Julai mwaka huo. Bunduki haikupatikana kamwe. Siku chache kabla ya mauaji, Broughton alikuwa ameripoti kuibiwa rivolva mbili za Colt za .32, na kwa hiyo Colt yoyote ya .32 itakayotokea kwenye dari la nyumba ya Karen itakuwa na mtu wa kunong'ona kwamba ndiyo yenyewe.

Lakini rekodi ya kesi inatoa kipimo. Ndani ya mtutu mna mifereji inayoizungusha risasi, nayo huacha chapa juu ya risasi. Ushahidi uliotolewa mahakamani ulionyesha kwamba risasi zilitoka kwenye mtutu wenye mifereji 5 inayozunguka kulia. Rivolva za Colt zina mifereji 6 inayozunguka kushoto. Hoja hiyo ndiyo wakili wa Broughton, Harry Morris, aliyoitumia kuvunja kesi. Basi anayekuletea Colt na kuiita bunduki ya Erroll anapingwa na kumbukumbu ileile anayoitegemea.

Ndivyo kila hadithi inavyopaswa kushikwa. Jina la familia pekee halitoshi. Barua ya wakati ule inayotaja namba ya silaha inatosha. Cheti cha zamani cha silaha chenye namba na jina, vivyo hivyo. Picha ya mzee akiwa na bastola kiunoni inasaidia kidogo, maana namba haionekani. Mabaki ya kumbukumbu za viwanda yapo pia: Colt na Smith & Wesson wana njia za kuomba barua inayoeleza silaha yenye namba fulani ilitumwa lini na kwa nani. Karatasi hizo zisiachwe kwenye rundo la kuchomwa wakati nyumba inasafishwa. Na pale ushahidi unapokosekana, mthamini mwaminifu huithamini silaha kana kwamba hadithi haipo, kisha anaitaja hadithi pembeni.

Kulinganisha mauzo

Tuchukue mfano wa kubuni wa Webley R.I.C., rivolva iliyopewa jina la polisi wa Ireland walioipokea mwaka 1868, ya risasi ya .442. Tuseme umepata mauzo matatu ya Uingereza: moja pauni 900, la pili 1,150, la tatu 2,600. Wastani ni 1,550. Wastani huo hauna maana yoyote.

La tatu lilikuwa na kasha na jina la afisa anayefahamika, liondoe. La kwanza lilikuwa na mpini uliobadilishwa, la pili kamili. Yako, tuseme, ina sehemu zote lakini imesuguliwa na kupakwa buluu upya miaka ya 1960. Inaanguka chini ya zote mbili, tuseme 550 hadi 700. Ni masafa, si namba moja, na mthamini anayekupa namba moja hadi pauni ya mwisho anaficha jambo.

Kisha uliza mauzo hayo yalikuwa lini. Hadi mapema 2021, rivolva ya .442 ilikuwa Uingereza kitu cha kale kinachomilikiwa bila cheti kama pambo. Tarehe 22 Machi 2021 kanuni mpya zilianza kutumika, na aina 7 za risasi, .442 ikiwemo, zikaondolewa kwenye orodha ya risasi zilizopitwa na wakati, kwa kuwa silaha za namna hiyo zilikuwa zikiishia mikononi mwa wahalifu. Imo pia risasi ya Kijerumani ya milimita 10.6, ile ya rivolva za 1879 na 1883. Wanunuzi wa kawaida wakatoweka siku moja. Chuma hakikubadilika hata chembe. Mauzo ya 2019 ya rivolva hizo ni historia, hayafai kuwa kipimo. Lefaucheux, ambayo risasi yake huwashwa kwa pini inayotokeza ubavuni, haikuguswa, kwa sababu mfumo wake wa kuwasha baruti umepitwa na wakati wenyewe.

Halafu kuna makato. Nyundo ya mnada ikigonga kwa pauni 1,000, mnunuzi huongezewa ada ya nyumba ya mnada. Tuseme asilimia 25, analipa 1,250. Muuzaji naye hukatwa. Tuseme asilimia 15, anabaki na 850. Nyumba nyingi hutangaza ile 1,250. Ukiichukua kama pesa yako, umejidanganya kwa pauni 400 kabla hujalipia picha wala usafiri.

Hesabu ya Nairobi

Hapa wanunuzi halali ni wachache: wenye leseni, wafanyabiashara wa silaha waliosajiliwa, na taasisi kama Makumbusho ya Taifa. Kuipeleka London au Marekani kunadai kibali cha kutoa silaha nchini, kibali cha urithi ikiwa ni ya kabla ya 1895, ruhusa ya nchi inayopokea, na msafirishaji anayekubali mzigo wa silaha, ambao wengi hukataa. Gharama hizo ni karibu zilezile kwa rivolva ya pauni 600 na kwa ya pauni 60,000. Ya pili itazibeba. Ya kwanza itamezwa nazo, na familia itabaki na deni.

Kwa maoni yangu, nyingi ya rivolva zinazopatikana hapa zina thamani ya pesa iliyo ndogo sana, pengine sufuri baada ya makato, huku thamani yake kwa historia ya nchi hii ikiwa kubwa. Webley ya afisa wa King's African Rifles yenye cheti chake na barua zake ingekaa vizuri makumbusho kuliko kwenye kabati la mtu wa ng'ambo. Familia ina haki ya kuchagua, lakini ichague ikiwa na hesabu ya kweli mkononi.

Ukimlipa mthamini kwa ajili ya mirathi, mwambie aandike tarehe anayoithamini mali, ambayo kwa kawaida ni siku mwenyewe alipofariki, na lengo la makadirio. Aeleze aina, namba zote na mahali zilipo, alama za upimaji, kilicho cha asili na kilichobadilishwa. Ataje mauzo aliyolinganisha, tarehe zake, na kama bei zina ada ya mnunuzi ndani. Aandike namba mbili: ile ya soko la nje kwa silaha ya hali hiyo, na ile inayobaki baada ya vibali, ada na usafiri kutoka Nairobi. Kwenye orodha ya mali inayopelekwa mahakamani, ya pili ndiyo inayoandikwa, na ya kwanza inaambatanishwa pamoja na picha.